Mkanda wa Kiunoni

Mikono yangu ilikwenda kiunoni kutafuta mkanda, ikakuta hewa. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi kwenye uwanja wa kanisa letu, Kalangalala, mahujaji arobaini na wawili tumejipanga wawili wawili, katekista Selestine ameshauinua msalaba, na mimi najipapasa kama mtu aliyeibiwa simu. Nililivua begi. Pale mkanda mpana ulipokuwa unaanzia, kushoto na kulia, palikuwa na mishono mipya ya uzi mweusi wa viatu, midogo midogo, iliyobanana, safi kabisa. Nilimjua mwenye mkono ule. Ndiye aliyenishonea mikoba yangu yote ya shule tangu darasa la kwanza.

"Baba!" nikasema kwa sauti. Martina, jirani yangu aliyekuwa jozi yangu kwenye mstari, akageuka kuangalia kama mzee Ngassa yupo. Hakuwepo. Alikuwa amenisindikiza mpaka getini, akaniwekea mkono kichwani, kisha akaondoka upesi kuliko kawaida yake, na mimi mjinga nikadhani anaficha machozi.

Kwaya ikaanza wimbo. Nikalivaa begi hivyo hivyo, tukaondoka.

Nadhiri ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama yangu, Paskalina, aliyeiweka kando ya kitanda changu hospitalini mwaka juzi, bodaboda iliponirusha na mtulinga wa bega la kulia ukavunjika vipande viwili. Daktari alisema mkono huenda usinyanyuke tena kupita bega, na mimi ni mwalimu, kazi yangu iko ubaoni. Mama hakuwa mtu wa kumbembeleza Mungu. Alimwambia waziwazi: huyu mtoto akiandika tena ubaoni, nitakwenda kwa miguu mpaka kilima cha hija kule Kahama, na mzigo wangu mgongoni mwangu. Baada ya miezi minne niliandika ubaoni. Mwezi uliofuata mama akafariki kwa presha, raba alizonunua kwa safari zikiwa bado kwenye boksi. Nadhiri ya namna hiyo haizikwi na mwenyewe. Nilivaa raba zile, zikanitosha.

Kuna jambo moja sikumwambia mtu. Bega halikupona. Lilinyanyuka, ndiyo, lakini likibeba kitu kizito kuliko madaftari ya darasa moja lilikuwa linawaka mpaka shingoni. Baba hakujua, na sikutaka ajue. Kila Jumapili alikuwa anasimama kaburini kwa mama na kumwambia, kwa Kisukuma, kwamba mtoto amepona kabisa. Ningemwambiaje kwamba nusu ya maombi ya mkewe ilipotelea njiani?

Ndiyo maana nilitaka mkanda. Kwenye simu nilikuwa nimeona kwamba begi la safari ndefu lina mkanda mpana unaofungwa juu ya nyonga, na ukiubana vizuri uzito unashuka kutoka mabegani unakaa kiunoni. Mabegi mapya ya aina hiyo yalikuwa ya watalii, na bei yake pia ilikuwa ya watalii. Mimi nilikuwa na elfu arobaini. Kwa hiyo tukaenda kwenye mitumba.

Nasema tukaenda kwa sababu baba alikataa katakata kubaki nyumbani. Kwa miaka kumi na tisa alibeba mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, kiroba mgongoni, akipanda ngazi za miti kutoka chini kusikoonekana, na katika mambo ya mgongo hakuwa tayari kufundishwa na mtu. Jumamosi ya kwanza aliokota mawe njia nzima mpaka sokoni, akayapima kwa mkono, akayajaza kwenye begi la kwanza aliloliona.

"Mzee, hilo ni begi la nguo," alilalamika Marselino, muuza mabegi.

"Mgongo haujui kama ni nguo," baba akamjibu. Kisha akanigeukia, "Tembea, mayu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Aliniita hivyo tangu nikiwa mdogo, kama Wasukuma wengi wanavyowaita binti zao, na akiniita hivyo huwa siwezi kubisha. Nikatembea na mawe mgongoni katikati ya wauza nyanya, watu wakicheka, wengine wakiuliza kama nimetoka machimboni. Hatua ya tisa ukanda wa bega ulikatika na mawe yakamwagika kwenye fungu la dagaa la mama mmoja. Baba aliomba radhi, akanunua dagaa wale wote, tukala dagaa wiki nzima.

Jumamosi ya pili haikutupa kitu. Ya tatu Marselino alikuwa amefungua belo jipya, nami nikazama kwenye lundo mpaka kiunoni, yeye akinitania, "Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mwalimu!" Nikalitoa kwa chini kabisa: la kijivu, kitambaa kigumu, zipu nzima, mgongo wenye sponji, na mkanda mpana wa kiunoni wenye kifungo cha plastiki cha kubonyeza.

Baba alilipindua nje ndani. Alivuta mshono mmoja mmoja, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akaushika ule mkanda.

"Na huu wa nini?"

"Wa kujifunga kiunoni."

"Mzigo unafungwa kwenye mtu?"

Nikamweleza habari za nyonga na uzito, kwa sauti yangu ile ya darasani ambayo hata mimi siipendi. Aliupima mkanda kwa kiganja, akaniambia nichukue jeusi lililokuwa pembeni, zuri tu, lisilo na mkanda. Nikakataa. Akasisitiza. Mimi ni mtoto wake, ukaidi sikuununua dukani. Nikalipa elfu thelathini na tano, nikalivaa la kijivu palepale. Tulirudi nyumbani, yeye akiyabeba mawe yake ya kupimia mfukoni mwa koti kama mtu aliyeshindwa kesi.

Mchana wa mwisho kabla ya safari aliniomba begi akakaze mishono. Nilimpa kwa furaha, likiwa na vitu vyangu tayari, nikidhani tumepatana, na hakunirudishia mpaka alfajiri pale getini. Penye wazee haliharibiki neno, husemwa. Aliyesema hivyo hakuwahi kumwachia baba yangu begi.

Siku ya kwanza nilitembea kwa hasira, na hasira ni dawa nzuri ya maumivu mpaka saa sita hivi. Baada ya hapo bega lilidai haki yake. Nikahamishia uzito wote kushoto, nikaanza kutembea upande. Nyuma yetu lilikuwa linakuja Fuso la parokia lenye masufuria na wagonjwa, na kila lilipotupita Martina alininong'oneza, "Weka begi humo, Euphrasia. Mungu si askari wa barabarani." Lakini mama alisema mzigo mgongoni. Nikiuweka kwenye Fuso, miguu yangu ingefika Kahama lakini nadhiri ingebaki njiani. Siku ya pili mchana, tulipofika Bukoli, vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi na sikuweza kufungua chupa ya maji. Nikakaa kwenye kibaraza cha duka, nikampigia baba nikiwa nimeshaandaa maneno makali.

"Baba, mkanda wangu uko wapi?"

"Ninao hapa."

"Kwa nini uliukata?"

Nilitegemea ubishi. Badala yake akaniuliza kama niko peke yangu, kisha akanisimulia habari za mtu aitwaye Abel. Sikuwahi kulisikia jina hilo nyumbani kwetu. Abel alikuwa mwenzake duarani, walikula sahani moja. Bega lake lilikuwa na kidonda, kwa hiyo siku moja alifunga kiroba kiunoni kwa kamba ili bega lipumzike. Walikuwa wanne kwenye ngazi udongo ulipoanza kushuka. Watatu walitupa viroba, wakapanda. Abel alibaki anahangaika na fundo.

"Nilikuwa juu yake," baba alisema. "Nilimshika mkono. Ule mzigo ulimvuta. Toka siku hiyo, mayu, mimi mzigo usiotupika siutaki karibu na mtu wangu."

Maneno yangu makali yote yaliniishia. Nilimwonea huruma baba yangu. Nikamwambia kwa upole kwamba barabara ya Kahama haina udongo wa kutuangukia.

"Najua. Hata wakati nakata nilikuwa najua."

Basi na mimi nikasema langu. Nikamwambia kwamba bega haliko sawa, halijawahi kuwa sawa, na kwamba mkanda ule niliutafuta Jumamosi tatu kwa sababu hiyo.

"Kwa hiyo mama yako namdanganya kila Jumapili," akasema.

"Mkono unaandika, baba. Hujamdanganya."

"Weka begi kwenye gari."

"Siweki."

"Najua huweki," akasema, akakata simu.

Siku ya tatu siikumbuki vizuri. Nakumbuka Martina akiliinua begi kwa chini kwa mikono miwili kila tulipopanda mwinuko, akisema hapo habebi, anashika tu. Asubuhi ya nne tuliingia Segese, na mbele ya mama ntilie, kwenye benchi, alikuwa amekaa mzee mwenye koti ninalolijua, na mfuko wa rambo mapajani. Alikuja na basi la jana. Niliposema shikamoo aliitikia marahaba bila kuniangalia usoni, akanivua begi mwenyewe, taratibu sana upande wa kulia.

Katekista Selestine alitupa dakika za chai. Baba alitoa mkanda kwenye rambo, na sindano yake nene ya kushonea viroba, akafumua ule mshono mweusi na kuanza upya. Alishona mara tatu tatu kila upande. Nilimletea chai, ikapoa. Alipomaliza alinivika begi, akaufunga mkanda juu ya nyonga zangu, akaukaza, nami nikausikia uzito ukishuka kutoka begani. Nilitoa pumzi nikataka kumkumbatia. Akanizuia kwa kiganja.

"Fumba macho. Fungua mkanda."

Nikabonyeza. Mkanda ukaachia.

"Kwa mkono mmoja. Tena."

Nikabonyeza tena. Mahujaji walikuwa wameshajipanga, wanatuangalia. Mkono wa kushoto. Wa kulia. Nikiwa nimeinama. Nikiwa nimechuchumaa. Mara kumi, labda kumi na tano, mwalimu mzima nikafanyishwa zoezi mbele ya watu wa Segese, mpaka kidole kikawa kinakifikia kifungo bila mimi kukiambia. Ndipo aliponiachia.

"Ukifika, mtaje na Abel," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na mama yako mwambie habari ya bega. Mimi nitamwambia nusu yangu Jumapili."

Tulifika kilimani siku ya tano, jua likiwa limeelekea magharibi. Nilipanda nikiwa na mzigo wangu mgongoni, kama ilivyoahidiwa. Nikamtaja mama, nikamwambia ukweli, nikamtaja na Abel, ambaye huenda hakuna aliyewahi kumtaja mahali pale. Nililia, sikuona aibu. Halafu nikampigia baba.

Hakuniuliza tumesali nini, wala kama tulikuwa wengi.

"Umeufungua mkanda?"

Niliangalia chini. Begi lilikuwa pembeni yangu kwenye nyasi, na sikukumbuka nililivua saa ngapi.

"Nimeufungua, baba."

"Haya," akasema. "Sasa pumzika."