Kiti cha Phionah

Kiti cha Phionah kilikuwa bado mahali pake, upande wa pili wa meza, na Laurentine hakutaka kisogezwe hata kidogo. Hamuza, mfagiaji, aliwahi kukichukua akikalie huku akingoja sakafu ikauke. Laurentine alimtolea macho mpaka akakirudisha mwenyewe.

Chumba cha kusafishia vifaa vya upasuaji, katika hospitali moja ndogo ya Bwera, mpakani, hakiingiwi ovyo. Vichafu huingia kwa dirisha moja, visafi hutoka kwa jingine, na aliye ndani huona mikono ya watu tu. Lakini walipokuwa wawili, nani alijali upweke? Laurentine, mzaliwa wa Butembo aliyevuka mpaka na begi moja, aliosha. Phionah, binti wa hapahapa, alikagua. Laurentine akimaliza kusugua koleo la kubania mishipa ya damu alisema, "Nimeosha." Phionah alilichukua, akalitanua chini ya taa, akachungulia meno yake, kisha akalibana na kujibu, "Nimeona." Lililobanwa limekaguliwa, lililo wazi bado. Kazi ilikwenda hivyo, na umbea juu yake, wakicheka mpaka manesi wanagonga ukuta.

Kisha Phionah akapata kazi Kasese. Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Sasa hupiga akikumbuka. Msaidizi aliahidiwa, na ahadi ndiyo hiyo mpaka leo. Laurentine huosha, hukagua, hufungasha, na siku nzima huweza kupita asitumie mdomo wake ila kwa chai.

Asubuhi hiyo alikuwa akiwaza simu ya jana, ambayo Phionah aliikata katikati kwa kuwa ana wageni. Akafungasha seti, akaitia kwenye mashine ya mvuke, na ilipopoa akaipitisha dirishani kwa nesi Mackline. Kulikuwa na mama kutoka Mubuku, mtoto kamkaa vibaya tumboni, lazima apasuliwe. Ndipo Laurentine akaketi na kikombe chake, akakitazama kiti cha mbele yake, akakumbuka.

Katika seti ile mlikuwa na koleo alilolikuta limebanwa. Mkono wake ulilifungua na kulifungasha bila kutazama, maana miaka yote lililobanwa lilikuwa limeonwa na Phionah. Lakini Phionah hayupo, na yeye mwenyewe hajabana koleo tangu mwenzake aondoke. Alibane amwonyeshe nani? Basi lile lilitoka chumba cha upasuaji limebanwa hivyohivyo, likaoshwa limebanwa, na kilichokuwa katikati ya meno yake kimebaki humo, maana mvuke hauondoi uchafu.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Na mgeni akifukuzwa kazi anakwenda wapi? Hata kikombe hakukiweka vizuri, alikimbia akasukuma mlango wa chumba cha upasuaji. Daktari Crispus alikuwa amekwisha kuvaa glavu.

"Dokta, musimukate bado. Kuna koleo moja haiko safi."

Mackline akalitanua chini ya taa. Damu kavu, nyeusi, kama majani ya chai. Seti nzima ikatolewa, nyingine ikafunguliwa.

"Nani alikagua hii?" akauliza daktari, bila kupandisha sauti.

"Hakuna mutu, Dokta. Niko peke yangu."

Daktari akamgeukia mgonjwa wake. Ilikuwa haki ya mama yule kutazamwa kwanza. Mlango ukafungwa.

Mtoto alilia nyuma ya ukuta wakati Laurentine yuko kwenye sinki, na manesi wakashangilia. Alifurahi, kweli alifurahi, na akalia kidogo yeye pia. Kisha akalizamisha lile koleo likiwa wazi, akalisugua kwa brashi jino kwa jino, akalisuuza, akalifuta.

"Nimeosha," akasema.

Akangoja kidogo, mjinga yeye. Halafu akaizunguka meza, akakikalia kiti cha Phionah kwa mara ya kwanza, akalitanua koleo chini ya taa na kulitazama mpaka macho yakamuuma. Akalibana.

"Nimeona," akajibu.