Pickering Hataki Kutoka Kwenye Ramani

Mara ya tano waliponikatalia nilikuwa jikoni namenya viazi, na nusura niitumbukize simu kwenye sufuria. "Asante kwa pendekezo lako. Hatukuweza kuthibitisha badiliko hili." Asante! Mtu anakufungia mlango usoni halafu anakushukuru kwa kupiga hodi.

Naitwa Delphine Tolliver, na kwa miaka thelathini na moja nilipeleka barua katika mji huu wa Dorrance, Georgia. Enzi zetu jina la mahali likibadilishwa, posta tulipata karatasi yenye muhuri, tukabadilisha, kazi imekwisha. Miaka mitatu iliyopita baraza la mji lilipiga kura, na Bustani ya Pickering ikawa Bustani ya Lucius Tolliver. Karatasi yenye muhuri ninayo. Kibao kipya kipo getini. Ila ramani ya kwenye simu, ambayo siku hizi watu wanaiamini kuliko macho yao, bado inasema Pickering.

Pickering alikuwa meya. Mwaka 1962 mahakama iliposema watu weusi nao waruhusiwe kuogelea kwenye bwawa la bustani, yeye aliona afadhali asiogelee mtu yeyote. Akaleta malori ya udongo alifukie. Kabla hawajaanza kumwaga, Lucius, kaka wa baba yangu, kijana wa miaka kumi na tisa, alijitosa na nguo zake zote, akaogelea hadi ng'ambo na kurudi. Wakamfunga miezi mitatu ya kuponda mawe barabarani. Alirudi anakohoa, na Krismasi haikumkuta.

Dada yake mdogo, shangazi Ernestine, alipanda basi la Detroit wiki ileile ya mazishi. Aliapa hatakanyaga mahali penye jina la Pickering, na hajakanyaga. Ukoo wetu unakutana kwenye bustani hiyo kila Julai tangu mwaka 1979, na kila Julai kiti chake kinabaki kitupu.

Mwaka huu alikubali kuja. Anakaribia miaka themanini, moyo wake umechoka, na daktari amemwambia safari ndefu namna hii iwe ya mwisho. Halafu Jumanne, siku nne kabla ya mkutano, akanipigia simu.

"Delphine, Nadine amenionyesha njia kwenye simu yake. Mbona pameandikwa Pickering?"

"Hiyo ni ramani tu, shangazi. Jina lilishabadilishwa."

"Na nani?"

"Na mji."

"Mji si ndio uliomwaga udongo? Leo niuamini?"

"Basi niamini mimi."

"Wewe nakupenda, mwanangu. Kukuamini ni habari nyingine. Nikifika hapo nikasikia wanamtaja huyo mtu, Nadine anageuza gari, tunarudi zetu."

Nadine ni binti yake, na najua angegeuza kweli. Kwa hiyo kesho yake asubuhi nilikuwa idara ya bustani, mbele ya karani anayeitwa Birch, ambaye nilimpelekea barua tangu akiwa anatambaa.

"Mama Tolliver, sisi upande wetu tumemaliza," akasema. "Ramani si ya mji."

"Ni ya nani?"

"Ina wenyewe."

"Hao wenyewe wako wapi? Wana ofisi? Wana hata sanduku la barua nikawatilie maneno yao?"

Akacheka. "Unabofya tu pale chini, mama, palipoandikwa 'pendekeza'."

"Nimebofya mpaka kidole kimeota sugu, Birch! Usinichekee."

"Haya, pole. Nilisikia huwa wanaangalia picha ambazo watu wameziweka. Wapigie picha kibao."

Picha! Kwenye ramani mahali pale pana picha mia moja na arobaini, na nyingi ni za ukoo wetu, tumejipanga palepale getini kwenye kibao. Wanataka picha gani tena? Nilikasirika kiasi kwamba niliapa sipigi hata moja. Nilituma ombi la sita, nikaambatisha karatasi ya baraza na muhuri wake, chini nikaandika kwa herufi kubwa: PICHA ZIMEJAA HAPO, ZIANGALIENI.

Ijumaa wakajibu. "Tumeangalia picha. Hazionyeshi jina hili." Nilitukana. Matusi yenyewe siyaandiki, maana naimba kwaya.

"Vipofu hawa!" nilimwambia binamu yangu Corliss, aliyekuja kuazima ngazi. Kwenye mkutano kazi yake ni kuchoma nyama, kugawa fulana na kufunga bango la ukoo. "Wanaangalia picha na hawaoni kitu!"

"Achana nao, dada. Shangazi akinusa mbavu zangu atasahau mambo ya ramani."

"Miaka sitini na moja hajasahau, atasahau kwa zile mbavu zako kavu?"

"Kavu? Na mwaka jana aliyefuta sahani tatu alikuwa nani?"

"Nilikuwa nakuonea huruma."

Akabeba ngazi. Nilikwenda naye, nikamshikia ngazi wakati anafunga bango, huku nikiendelea kuwasema watu wa ramani.

Jumamosi saa sita mchana tulikuwa tumejaa getini, watu kama tisini, wote na fulana za zambarau. Gari la Nadine likaja polepole, madirisha wazi kwa sababu ya joto. Na nikaisikia simu yake, kwa sauti nyororo kabisa: "Umefika Bustani ya Pickering."

"Nadine," shangazi akasema. "Geuza."

Niliuwahi mlango, nikaushika. "Shangazi, usinifanyie hivi! Hiyo simu ni jinga. Jina liko pale kwenye kibao, angalia kwa macho yako mwenyewe!" Nikanyoosha mkono nyuma bila hata kugeuka.

Aliangalia. Aliangalia muda mrefu.

"Kibao gani? Mimi naona kitambaa."

Nikageuka. Bango la Corliss lilikuwa limekazwa kwa kamba pembe zote nne kati ya nguzo mbili za kibao: MKUTANO WA UKOO WA TOLLIVER. Nyuma yake haikuonekana hata herufi moja.

"Huwa tunalifunga hapo," Corliss akasema. "Tangu zamani, shangazi. Tangu enzi za baba."

"Tangu lini najua mimi. Mwaka sabini na tisa nilimpigia baba yako simu kutoka Detroit. Nikamwambia, kama lazima mle pale, basi lifunikeni jina la yule mshenzi, lisije likatokea kwenye picha zenu." Akalinyooshea bango kidole. "Nilisema mumfunike Pickering. Nani aliwaambia mumfunike kaka yangu?"

Nilikumbuka zile picha, miaka mitatu ya picha, na mimi nimo katika kila moja, nacheka. Kwenye picha ya watu wengi kila mtu hutafuta sura yake. Nilikuwa nimewaita watu vipofu wiki nzima, na ngazi nilikuwa nimeishika mimi. Hasira yote niliyokuwa nayo kwa watu wa ramani ilinirudia mwenyewe, na sikuwa na mahali pa kuitupa.

Nililikamata bango kwa mikono miwili nikavuta.

"Dada, utalichana!"

"Lichanike!"

Likachanika. Nyuma yake herufi nyeupe kwenye rangi ya kijani: BUSTANI YA LUCIUS TOLLIVER, 1943 hadi 1962.

Shangazi alifungua mlango mwenyewe. Alikataa mkono wa Nadine, akakataa na wangu. Alitembea mpaka kwenye kibao, akaweka kiganja juu ya jina, akakiacha hapo. Hakulia. Alikuwa bado amekasirika, na alikuwa na haki.

"Nipigeni picha," akasema. "Na asisimame mtu mbele ya jina."

Picha hiyo ndiyo niliyoituma kwenye ombi la saba. Jumatatu asubuhi shangazi alikuwa mezani kwangu anakunywa kahawa simu ilipolia. "Asante. Badiliko lako limechapishwa."

Nilimsomea. Hakutabasamu.

"Hebu mtafute Pickering," akasema.

Nikaandika jina. Simu ikafikiri kidogo, ikasema hakuna mahali panapoitwa hivyo hapa Dorrance.

"Tafuta tena."

"Hayupo, shangazi."

Akamaliza kahawa yake, akaweka kikombe mezani.

"Vizuri," akasema. "Na yeye sasa tumemmwagia udongo."