Gari la Flavian Lapelekwa Kubarikiwa

Bertilla alitaka wanunue gari la Nikodemo, jirani yao wa mtaa wa Izia. Lilikuwa la namba D, usajili wa zamani, rangi imepauka, ila tumbo lilikuwa juu na makorongo lilishayazoea. Mumewe, Flavian, akacheka. Ofisa mzima aonekane na namba D, wakati wenzake wote wako namba E, magari mapya? Akaagiza gari la familia kutoka Japani: jeupe, viti vya ngozi, limelala chini kama kobe.

Jumapili wakalipeleka kubarikiwa kijijini kwa mama yake Flavian, upande wa Matai, ambako padri alialikwa na pombe ya ulezi ilishaiva. Flavian alivaa suti. Walipoacha lami tu, tumbo la gari likakalia tuta la katikati ya njia, magurudumu yakabaki yanazunguka bure. Bertilla akavua viatu, akashuka, akainama kutazama tumbo lililokalia tuta.

Nyuma yao ikatokea ile namba D, Nikodemo akiendesha, akimpeleka padri aliyekaa mbele.

"Panda, Baba Lydia," Nikodemo akamwambia Flavian kwa upole uliouma kuliko tusi.

Flavian akajibana nyuma na suti yake, akijiona kifurushi.

Walipofika, padri akauliza kama asiyejua, "Haya, gari la kubarikiwa liko wapi?"

Flavian akanyoosha kidole bondeni, kwenye doa jeupe. Padri akalitazama, akamgeukia, akamnyunyizia maji ya baraka kichwani.

"Tuanze na aliyelichagua."

Aliyeitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote alikuwa Bertilla.