Gari la Mkunga Lililozibwa Pumzi

Uani walikuwapo watu watatu: mkunga mwenye gari, kaka yake na fundi. Gari hilo kuukuu lilikuwa limeishiwa nguvu mlimani kwa mara nyingine.

"Dada, maiti hii utaizika lini? Iuze chuma chakavu," kaka alisema.

Fundi alifungua mfuniko wa tangi. Tangi likavuta hewa kwa mluzi.

"Nani kaziba tundu la mfuniko kwa gundi? Tangi lisipopumua, mafuta hayafiki kwenye injini."

"Mimi," kaka alinong'ona. "Harufu ya petroli ilinikera."

"Mzee, nikikuziba pua utapanda mlima?"

Mkunga alipandwa na mori. Alikuwa amebadilisha plagi na pampu, huku wajawazito wakimsubiri kwa uchungu. Kumbe ni gundi!

"Nisikilizeni," alisema. "Gari haliuzwi. Na wewe, kaka, funguo zake hutazigusa tena."