Njia Haijazinduliwa

Mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope la kunata, na Waisiko alitembea kwa mikono. Viganjani alivaa malapa mawili ya kiume. Sketi aliikaza mapajani kwa mpira wa baiskeli, na miguu yake, iliyopooza tangu akiwa mtoto wa kunyonya, ilimfuata nyuma kama mzigo wa mtu mwingine. Ilikuwa saa mbili na nusu alipofika uwanja wa ofisi ya kata.

Nyuma yake alikuja Rhobi, mimba ya miezi minane imemtangulia, kwapani kashika mfuko wa vielelezo. Rhobi alikuwa mkewe. Mume wa Waisiko alifariki bila kumwachia mtoto wa kiume, naye akafanya kama wanavyofanya wanawake wa Kikurya wanaokataa nyumba yao ifutike: akatoa ng'ombe wake, akamwoa binti amzalie mrithi, ndoa wanayoiita nyumba ntobu. Mimba hiyo ndiyo iliyomwamsha shemeji yake, Nchagwa. Mwezi mmoja baada ya tumbo kuonekana, Nchagwa aling'oa mikonge ya mpaka na kupanda mihogo yake mpaka mlangoni kwa jiko la Waisiko.

Leo baraza la kata lilikuwa linakaa saa tatu. Barua ilisema wazi: mlalamikaji asipofika, shauri litafungwa. Likifungwa, mihogo ya Nchagwa inabaki pale ilipo.

Mbele ya ofisi palikuwa na kitu kipya. Njia ya zege, pana, yenye mwinuko wa taratibu, imepakwa njano pembeni, na juu yake kibao: NJIA YA WATU WENYE ULEMAVU. Chini ilikuwa imefungwa utepe mwekundu. Ili kuijenga walibomoa ngazi. Zile ngazi Waisiko alizijua, miaka yote alizipanda kwa makalio, moja baada ya nyingine, akinung'unika na kumshukuru Mungu kwa pamoja. Sasa hazipo. Wenye miguu walizunguka nyuma, kwenye mlango wa stoo, wakakanyaga matofali mawili na kujivuta juu, maana kizingiti kilikuwa usawa wa kifua cha mtu mzima.

Mgambo Kisyeri alisimama mbele ya utepe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipishe, mura, kijana wangu. Nina shauri saa tatu."

"Hapa hapapitwi."

"Si njia ya walemavu hii?"

"Ndiyo yenyewe. Lakini haijazinduliwa. Mgeni rasmi anafika saa tano. Ukiikanyaga wewe sasa hivi, yeye atazindua nini?"

"Nitapita pembeni kabisa."

"Na hilo tope? Tumepiga deki tangu alfajiri."

Rhobi akasogea. "Basi kaka, mnyanyue umpitishe huko nyuma."

Kisyeri alijitazama sare. Ilikuwa imepigwa pasi. "Mbebe wewe, dada. Si ndiye mume wako?"

Waliokaa kwenye benchi wakacheka mpaka wakapigana mabega. Waisiko alimwomba Mungu ampe ulimi wa upole, kisha akageuza malapa yake kuelekea ukutani, chini ya dirisha la ukumbi. Kutoka pale hakuona kitu ila rangi ya ukuta, lakini alisikia viti vikiburutwa, na baadaye sauti ya karani Athanas.

"Waisiko Marwa!"

"Nipo!"

"Mlalamikaji yupo?"

"Nipo hapa chini! Dirishani!"

Kichwa kikatokea juu yake. Alikuwa mwenyekiti wa baraza, Mzee Tomaso, kijiti cha meno mdomoni.

"Mama, hili ni baraza, si duka la kuagizia sukari dirishani. Ingia tukuone."

"Shikamoo mzee. Wamenizuia njiani. Naomba niseme hapahapa, maneno yangu si mengi."

"Hayo ya njia mpelekee mtendaji. Baraza linamsikiliza mtu aliye mbele yake."

Kichwa kikarudi ndani. Rhobi hakungoja kutumwa. Alizunguka nyuma, na Waisiko akahesabu pumzi zake mpaka aliposikia sauti ya msichana yule ndani ya ukumbi, imekatika kwa kujivuta kwenye matofali na tumbo lile.

"Nimekuja kusema kwa niaba yake."

"Wewe nani wake?"

"Mke wake."

Kicheko tena. Mwenyekiti akagonga meza, naye mwenyewe akicheka. "Hiyo ni ya huko kwenu, binti. Mwakilishi awe mtu wa ukoo. Kuna mtu wa ukoo wa mlalamikaji humu ndani?"

Kiti kililia. Waisiko aliitambua sauti kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Mimi hapa, mzee," alisema Nchagwa. "Ni mke wa marehemu kaka yangu."

"Vizuri. Mlalamikaji anasemaje?"

"Anasema hana neno. Tulishaelewana nyumbani."

"Uongo!" Waisiko alipiga ukuta kwa lapa. "Uongo huo! Nipo hapa!"

Mtu fulani akafunga dirisha.

Saa tano kasoro, afisa maendeleo ya jamii, Christina, alikuja mbio, visigino vikizama topeni. Mlemavu waliyemwandaa, aliyekuwa aletwe kwa gari kutoka mjini, hakutokea. Kiti cha magurudumu kilikuwepo, mpya, bado na nailoni. Mtu wa kukikalia ndiye hayupo.

"Mama! Mungu ni mwema, umekuja mwenyewe!" Christina aliinama, akamshika bega. "Tutakukalisha pale, mgeni rasmi akusukume, ukifika juu useme neno moja tu la shukrani."

"Nitakaa, binti yangu. Kwanza baraza linisikilize."

"Baada ya shughuli."

"Kabla."

Christina akainuka. Tabasamu lilibaki, lakini macho yalikuwa yameshaondoka. "Mama, usiiwekee serikali masharti."

"Sina masharti. Nina barua."

Wakamwambia asogee nyuma ya tanki la maji, asije akatokea kwenye picha. Kutoka hapo alimwona Kisyeri akivuliwa kofia na shati la sare. Wakamkalisha kitini, miguu yake ya kukimbiza wezi wa ng'ombe wakaifunika kwa kitenge. Mgeni rasmi alikata utepe, akamsukuma, jasho likimtoka. Simu zikanyanyuliwa. Kule juu Kisyeri alishukuru kwa sauti ya mtu anayeumwa, akasema sasa wamekumbukwa. Watu wakapiga makofi, kisha wakaelekea kwenye pilau.

Njia ikabaki tupu. Waisiko akaipanda kwa mikono, Rhobi pembeni yake. Ilikuwa njia nzuri kweli. Haikumchukua hata dakika mbili.

Ukumbini alibaki Athanas peke yake, sahani mkononi.

"Limefungwa, mama. Imeandikwa hukufika."

"Athanas, wewe si ulinisikia?"

"Nilisikia sauti. Kitabu hakina mahali pa kuandika sauti."

"Basi nipe nakala ya uamuzi niende nayo baraza la wilaya."

"Nakala haitolewi bila kuthibitisha." Aliweka sahani chini, akafungua kitabu cha mashauri. "Hapa, palipoandikwa mlalamikaji hakufika. Weka dole."

"Niweke dole kwamba sikuja? Kwa mkono huuhuu ulionileta?"

"Ndiyo utaratibu. Hujaweka, hakuna nakala. Na huko wilayani wana siku zao, wakikuambia umechelewa usije kunilaumu."

"Najua kuandika jina langu."

"Dole linatosha."

Meza ilikuwa juu ya kichwa chake. Athanas akakishusha kitabu sakafuni, akaweka na kidau cha wino, kisha akavisogeza kwa ncha ya kiatu mpaka magotini pake. Waisiko alivua lapa la mkono wa kulia. Rhobi aligeukia ukutani.

Karani alichukua kijiko chake, akautazama ule mkono uliosimama juu ya ukurasa.

"Ngoja. Ufute kwanza," alisema. "Utachafua kitabu."