Jina Kinywani mwa Bingwa

Ukumbini mwa sinema tulikuwa watatu: mimi, mjukuu wangu Sol-hui, na mzee mmoja aliyekuwa akikoroma. Mbele yetu, mkubwa kuliko ukuta wa nyumba, marehemu mume wangu alikuwa akiaga.

Hakuwa yeye, najua. Alikuwa kijana mwigizaji, shavu laini kama tofu. Man-seok wangu, bingwa wa mieleka wa Uiseong nzima, alikuwa na masikio yaliyokunjamana kama maandazi ya mvuke, na maneno yake ya mwaka mzima yangeenea kwenye kibakuli cha mchuzi. Lakini kijana yule alisimama mlangoni, mkanda wa mieleka begani, akamgeukia mwanamke aliyekuwa akimenya vitunguu saumu, akasema, "Jeom-rye."

Nikamshika Sol-hui mkono.

Kitendawili: ni chako, ila wenzako ndio wakitumiao. Jina. Langu mimi, Jeom-rye, lilikaa bure miaka yote ya ndoa. Enzi zetu, kumwita mkeo kwa jina, na mama mkwe yuko chumba cha pili, ilikuwa fedheha. Kabla sijazaa, Man-seok alikohoa tu, nikajua naitwa. Nilipozaa nikawa Mama Gi-tae, na Mama Gi-tae nikabaki mpaka alipofumba macho. Watengeneza sinema hawakuyajua hayo. Walikosea, nami sikutaka mtu awasahihishe.

Kilichoniuma ni yule binti aliyeniigiza. Aliitwa, akaendelea kumenya. Mume akangoja kidogo, akaenda zake kupigana bila kuitikiwa.

Mwanangu Gi-tae aliichukia sinema yote. Alisema ndiyo maana haina watu. Baba yake amegeuzwa kasuku, na hata yule fahali anayezawadiwa bingwa amekonda kama mbuzi. Isitoshe, siku hizi nani ana haja ya kutazama wanaume wazima wakivutana mikanda mchangani? Nikamwambia mimi ninayo. Akacheka mpaka nikatamani kumfinya.

Wiki haijaisha, Sol-hui akaniletea habari kwamba kesho wanaiondoa, wanaweka katuni ya dubu. Nikaoga, nikavaa koti langu la kuendea harusi, nikapanda basi peke yangu. Muuza tiketi alinionea huruma.

"Bibi, humo ndani hamna mtu hata mmoja. Si ungoje katuni? Inachekesha."

"Hapo ndipo panaponifaa, mwanangu. Nina mtu wa kuzungumza naye."

Nikakaa safu ya mbele kabisa, shingo inaniuma. Utoto wake ukapita, harusi yetu ikapita, wameipamba kupita kiasi. Kisha kijana akafika mlangoni, akageuka.

"Jeom-rye."

Binti akachukua kitunguu kingine.

"Abee," nikaitika.

Akasimama kidogo pale mlangoni, kama alivyosimama siku ile nilipokuja na Sol-hui. Halafu akaenda.