Ndevu za Herode

"Usicheke, shemeji. Ukicheka, ulimbo utashika meno."

Reuben hakuwa akicheka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kidevu juu kama anayenyolewa, na Rosina alikuwa akimbandika ndevu. Zilikuwa manyoya ya beberu mmoja wa kijiji cha Wema aliyekwisha kuliwa zamani, na ulimbo ulikuwa ule ule wa kunasia ndege waharibifu wa mpunga. Kila Krismasi ndevu hizo zilipanda kidevu kimoja. Mwaka huu zilikuwa zimehama.

"Chembamba kidevu chako," Rosina alisema. "Cha marehemu kilikuwa na mahali pa kushika."

Marehemu alikuwa mumewe, Godhana. Miaka sita mfululizo aliigiza Mfalme Herode katika mchezo wa Krismasi wa kanisa lao, na miaka hiyo sita Reuben alikaa nyuma ya jamvi lililotundikwa kuwa pazia, daftari magotini, akimnong'oneza maneno. Maana Godhana, Mungu amrehemu, alipewa kifua cha mfalme na kumbukumbu ya kuku. Angesimama mbele ya watu, joho limemkaa, taji la bati la debe likimetameta, macho kayatoa hadi watoto wanajificha kwa mama zao. Kumbe kichwani hamna kitu. Hapo angeuliza kwa meno, bila kugeuka:

"Wapi, Reuben?"

Naye Reuben angempa neno. Lakini si mara moja. Angemeza mate kwanza, mara moja, mara ya pili, amwache mfalme atoe jasho mpaka ulimbo uanze kulegea. Halafu ndipo amwokoe. Mchezo ukiisha walikutana nyuma ya jamvi, Godhana akamkaba shingo, wakacheka hadi machozi.

Neno moja tu halikuhitaji kunong'onezwa, kwa sababu halikuwamo daftarini. Mamajusi wakiingia, Herode alitakiwa kuwauliza kwa ukali wametoka wapi na wanamtafuta nani. Godhana alianza kwa kuwauliza, "Mmekula?" Mwalimu Jilo, aliyeutunga mchezo, alimkataza kila mwaka. Kila mwaka Godhana aliapa. Kila mwaka mamajusi wakaulizwa kama wamekula.

"Mwalimu, watu wametoka mashariki kwa miguu," alijitetea. "Niwaache na njaa?"

Mwezi wa kumi na moja mto ulijaa. Wawili hao walikuwa wakirudi kutoka Garsen kwa mtumbwi, mizigo ya watu imerundikwa katikati. Godhana alisimama nyuma na pondo. Reuben aliketi mbele. Ndivyo ifanywavyo: wa nyuma anasukuma, wa mbele anaona. Maji yalikuwa mekundu, mazito, yanakimbia. Penye kona Godhana akaita kutoka nyuma ya magunia, kwa sauti yake ya jukwaani:

"Wapi, Reuben?"

Reuben alikwisha kuyaona masikio mawili ya kiboko, upande wa kushoto. Mbali, aliona. Bado kuna nafasi. Akameza mate, mara moja. Akatabasamu peke yake. Akameza mara ya pili.

Godhana alipatikana siku ya tatu, amenaswa kwenye matete.

Kaburini Rosina alimuuliza, "Alisema nini, mwisho?"

"Hakusema kitu, shemeji."

Tangu siku hiyo swali lile la mtoni halikumwachia nafasi. Wanawake wakitwanga, mchi ulimuuliza. Jembe likigonga jiwe, lilimuuliza. Hata kanisani, Mwalimu Jilo alipomwita mbele na kumwambia, "Maneno yote unayo wewe, joho livae wewe," Reuben alisikia sauti nyingine chini ya sauti ya mwalimu. Akaitikia ndiyo bila kujua anamwitikia nani.

"Basi daftari atashika nani?" mwalimu aliuliza.

"Mimi," Rosina alisema. Hakuinua macho kwenye joho alilokuwa akilipunguza pindo.

"Mama Alice, wewe husomi."

"Miaka sita nimelala na huyo Herode, mwalimu. Daftari la nini?"

Watu wakacheka. Reuben hakucheka.

Sasa kanisa lilikuwa limejaa hadi madirishani, jua la alasiri limeingia na kulala juu ya vichwa. Mamajusi watatu waliingia wakijikwaa kwenye makanzu ya kuazima, dhahabu yao ikiwa kopo la majani ya chai lililosuguliwa kwa mchanga. Reuben akatoka nyuma ya jamvi. Maneno alikuwa nayo, yote, mpaka ya malaika. Akavuta pumzi.

Benchi la mbele, mtoto wa miaka mitano alisimama. Alikuwa Alice, binti wa Rosina. Alilitazama taji, akalitazama joho, akafika kwenye ndevu.

"Baba," alisema. Hakupiga kelele. Alisema tu, kama mtu anayemwona mtu.

Maneno yakamtoka Reuben yote. Akabaki yeye na jasho. Watu walingoja. Mamajusi walingoja. Ulimbo ukaanza kulegea shavuni, na mdomo wake ukafanya wenyewe kile alichokisikia miaka sita:

"Wapi, Rosina?"

Nyuma ya jamvi, kimya.

Alisikia mwanamke yule akipumua. Yupo. Anasikia. Hasemi. Kumbe huku mbele ndivyo kulivyo, Reuben aliwaza. Kumbe ni parefu namna hii.

Ndipo mnong'ono ukaja, mkavu.

"Mmekula?"

"Mmekula?" mfalme akauliza.

Mzee mmoja wa nyuma alicheka kwanza. Kisha kanisa zima, na ndani ya kicheko kile akina mama wakaanza kulia, na Mwalimu Jilo akavua miwani na hakuivaa tena. Maneno mengine yalifuata yenyewe, kama ng'ombe wanaojua zizi.

Alipomaliza alirudi nyuma, akaketi juu ya ndoo. Rosina alichovya vidole katika mafuta ya nazi, akaanza kumbandua ndevu polepole, kuanzia sikioni. Upande wa pili malaika walikuwa wakiimba.

"Aliniuliza," Reuben alinong'ona.

Vidole viliendelea.

"Mtoni. Aliniuliza wapi. Nilikuwa nimekiona kiboko. Nikamchelewesha. Ule utani wetu, shemeji. Nikamchelewesha."

Vidole vikasimama. Nusu ya ndevu ilikuwa mkononi mwake, nusu bado kidevuni, na tone la mafuta lilitelemka likaingia kwenye kola ya joho.

"Sikusikia," Rosina alisema.

Akarudia, kwa mnong'ono ule ule.

"Sikusikia, Reuben. Sema kwa ile sauti ya kule mbele."

Nyimbo zikaisha. Mwalimu Jilo akasema, "Tuombe," na watu wote wakanyamaza kwa pamoja, hata watoto, hata madirishani. Upepo wa mtoni ulilisukuma jamvi, likatuna kuwaelekea, likarudi. Rosina hakuondoa macho.

Reuben akasimama, ndevu zikining'inia upande mmoja. Akameza mate, mara moja. Akafungua kinywa.